Mbwa, Sungura na Mfalme: Mwanzo wa Klabu ya Gofu ya St Andrews

Kwa Kiswahili, neno "gofu" lina maana mbili zisizo na undugu. La kwanza ni jengo lililobomoka likabaki kuta tupu. Wingi wake ni magofu. La pili ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi uingie shimoni. Hilo halina wingi, na limetukia kupitia Kiingereza. Kwetu Lubumbashi kuna matumizi ya tatu: Golf ni jina la mtaa, na wengi wanaolitamka kila siku hawajawahi kushika fimbo ya mchezo huo. Mimi ni mmoja wao. Mchezo wenyewe si shabaha yangu hapa. Nataka kusoma maandishi ya klabu moja ya zamani jinsi tunavyofundishwa kusoma maandishi yoyote: nani anasema, anamwambia nani, na ni kitu gani anachokichukua au kukiacha kwa maneno yake.

Klabu hiyo ni ya St Andrews, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Scotland, katika jimbo la Fife. Ni mji unaobeba maana zote mbili za gofu. Upande mmoja yamesimama magofu ya kanisa kuu, lililovamiwa mwaka 1559 wakati wa Mageuzi ya Kiprotestanti. Upande mwingine, kando ya bahari, kuna ukanda wa mchanga na nyasi fupi ambako watu wamecheza kwa karne nyingi. Pana pia chuo kikuu, cha tangu 1413.

Ukanda huo Waskoti huuita "links". Ni neno la kale, asili yake mwinuko au tuta la ardhi. Ni ardhi isiyo bahari wala shamba: mchanga mwingi mno kwa kulima, upepo mwingi mno kwa kujenga. Kwa kuwa haikuwa na faida kubwa kwa mtu mmoja, iliachwa kwa wote. Wenyeji walichunga mifugo, walikata mapande ya nyasi, walianika nguo, na walicheza.

Andiko la kwanza la Scotland lenye neno "golf" ni katazo. Mwaka 1457 Bunge la mfalme James II lilipiga marufuku gofu pamoja na kandanda, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde ambayo nchi iliyahitaji kwa vita. Wataalamu wengi huona kwamba neno lenyewe ni ndugu wa "kolf" la Kiholanzi, yaani fimbo au rungu. Mwanafunzi wa historia ya lugha atatambua jambo analolikuta mara nyingi: mambo ya watu wa kawaida huingia kwenye maandishi siku yanapomkera mkubwa.

Andiko la pili ndilo lenye uzito zaidi. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura kwenye ardhi ile. Alipata ruhusa ya mji, lakini katika hati hiyohiyo akakiri kwa maandishi kwamba wenyeji wanabaki na haki yao ya kucheza gofu, kandanda na michezo mingine hapo, na ya kulisha mifugo. Tuangalie kitendo cha lugha kilichopo. Askofu hatoi haki. Anaitambua haki iliyokuwapo kabla yake. Tofauti kati ya "nawapa" na "nakiri kuwa mnayo" ilibeba ugomvi wote wa baadaye.

Klabu yenyewe ilikuja miaka mia mbili baadaye. Tarehe 14 Mei 1754, watu 22 wenye vyeo na mali walichanga fedha kununua fimbo ya fedha ya kushindaniwa kila mwaka. Mshindi aliitwa kapteni, na alipachika mpira wa fedha kwenye fimbo hiyo. Wazo halikuwa lao: wacheza gofu wa Edinburgh walikuwa wamefanya hivyo mwaka 1744 huko Leith, na pamoja na fimbo wakaandika kanuni 13. Watu wa St Andrews walizichukua kanuni hizo karibu neno kwa neno.

Kanuni hizo ni fupi kuliko barua ya kuomba ruhusa ya kukosa darasa. Moja inasema mpira uanze kupigwa umbali usiozidi urefu wa fimbo moja kutoka shimo lililomalizika. Nyingine, ninayoipenda kuliko zote, inasema kwamba mpira ukizuiwa na mtu, farasi, mbwa au kitu kingine chochote, utapigwa palepale uliposimama. Katika sentensi hiyo uwanja mzima unaonekana. Hakuna ukuta wala mlinzi. Farasi wanapita, mbwa wanakimbia, mama anarudi na kikapu. Na kanuni haimwambii mpita njia aondoke. Inamwambia mchezaji avumilie. Waungwana wale 22 walikuwa wageni kwenye ardhi ya wote, na sarufi yao wenyewe inalikubali hilo.

Mashimo 18 tunayoyaona leo duniani kote nayo yana asili ya kawaida sana. Uwanja ulikuwa njia moja nyembamba: unacheza kuelekea mbali, kisha unarudi kwa mashimo yaleyale, jumla 22. Mwaka 1764 wanachama waliona manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayafanya mawili. Kwa kuwa njia ilichezwa kwenda na kurudi, yalipungua manne. Hakuna siri ya hesabu wala ya dini, ingawa wapo wanaopenda kuzitafuta.

Mwaka 1797 mambo yaliharibika. Mji ulikuwa umefilisika, baraza likaiuza ardhi ile, nayo ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara waliotaka kufanya alichotaka askofu: kufuga sungura, kwa ajili ya nyama na ngozi. Sungura wakachimba mashimo yao katikati ya mashimo ya gofu. Wenyeji wakaua sungura, wafugaji wakadai mali yao, kesi zikafunguliwa. Hapo hati ya 1552 ikawa silaha: ardhi inaweza kuuzwa, lakini haki ya kucheza juu yake haikuwa ya baraza kuiuza. Ugomvi ulikwisha mwaka 1821, James Cheape, mwenye ardhi jirani na mpenzi wa gofu, alipoinunua na kuiacha kwa mchezo.

Mwaka 1834 likaja jina. Mwaka mmoja kabla, chama cha gofu cha Perth kilikuwa kimepewa sifa ya "kifalme". St Andrews wakaona wamepitwa. Wakamwandikia mfalme William IV, wakimkumbusha kwamba miongoni mwa vyeo vyake alikuwa pia mtawala wa heshima wa St Andrews. Mfalme akakubali, na chama kikawa Klabu ya Kifalme na ya Kale. Kilikuwa na umri wa miaka 80, na cha Edinburgh kilikitangulia kwa miaka 10. Kivumishi "kale" hapa hakielezi umri, kinadai nafasi. Na dai lilifanikiwa: mwaka 1897 klabu hiyo ilikabidhiwa kamati ya kusimamia kanuni, na leo vilabu vya nchi nyingi huzifuata.

Chini ya waungwana walikuwapo wafanyakazi. Aliyewabebea fimbo aliitwa "caddie", neno ambalo sisi tuliosoma Kifaransa tunalitambua mara moja: ni "cadet", mtoto mdogo wa familia. Hadithi husimuliwa kwamba malkia Mary alilileta kutoka Ufaransa pamoja na vijana waliombebea fimbo. Siiamini. Katika Edinburgh ya karne ya 18 "caddie" alikuwa mtu wa kutumwa mjini, wa kubeba maji, barua na mizigo, na njia hiyo inatosha kutufikisha uwanjani.

Allan Robertson alikuwa fundi wa mipira. Mpira wa wakati huo ulikuwa ngozi iliyoshonwa na kujazwa manyoya yaliyochemshwa, yakishindiliwa hadi mpira uwe mgumu. Fundi hodari alimaliza michache tu kwa siku, kwa hiyo bei ilikuwa kubwa. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gutapacha, utomvu wa mti wa Malaya (hata jina ni la Kimalei), rahisi kutengeneza na kuyeyusha upya. Robertson aliuona kuwa kifo cha kazi yake. Msaidizi wake, Tom Morris, alionekana akiuchezea. Wakagombana, wakaachana, na mwaka 1851 Morris akahamia Prestwick. Robertson alikufa 1859. Mwaka uliofuata, huko Prestwick, wachezaji wanane walishindana kumtafuta bingwa mpya: ndiyo Open ya kwanza. Klabu ya St Andrews ilimrudisha Morris mwaka 1864 awe mtunza uwanja, kwa pauni 50 kwa mwaka. Fundi aliyefukuzwa kwa ajili ya mpira wa bei nafuu akatunza uwanja ambao mpira huo ulikuwa umeujaza watu.

Klabu ilijenga jumba lake la mawe mwaka 1854, pembeni ya shimo la kwanza. Wageni wengi hulitazama na kudhani kwamba uwanja wote ni wake. Sivyo. Sheria ya Bunge ya 1894 iliikabidhi ardhi kwa mji, na wanawake waliopita mbele ya jumba hilo kwa vizazi walikubaliwa uanachama mwaka 2014 tu. Jumapili uwanja wa zamani kwa kawaida hufungwa kwa wachezaji, na wenyeji huutembelea na watoto na mbwa wao.