Altrasaundi: Sauti Inayoona Ndani ya Mwili

Mama mjamzito wa Mollo akiambiwa aende Sumbawanga mjini kupimwa kwa altrasaundi, pengine husita akidhani ni mionzi itakayomdhuru mtoto. Mwezi huu tunaeleza kipimo hiki.

1. Altrasaundi ni nini?
Ni sauti, si mionzi kama ile ya eksirei. Sikio letu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Mashine hutumia mamilioni. Ukipaza sauti penye magenge ya Lyamba lya Mfipa, mwangwi hurudi. Vivyo hivyo sauti ya mashine humgonga mtoto, ikarudi, nayo mashine ikachora picha.

2. Mapovu na matone
Damu hurudisha mwangwi hafifu. Kwa hiyo, wakichunguza moyo au ini, waganga wa hospitali kubwa huweza kudunga mshipani mapovu madogo kama chembe nyekundu za damu. Sauti ikiyapiga hutanuka na kusinyaa, yakarudisha mwangwi mkubwa. Gesi yake hutoka kwa pumzi.

Watafiti wanajaribu pia matone ya kimiminika. Tone halionekani vizuri. Lakini sauti yenye nguvu ikilipiga, mgandamizo hushuka ghafla, na tone hugeuka povu lenye upana wa mara tano hivi.

Je, ni ajabu? Mama wa Ufipa analijua jambo hili jikoni. Kwenye uwanda wetu, wenye kimo cha mita 1,800 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na maharage huchelewa kuiva kuliko kule bondeni Ziwa Rukwa. Mgandamizo ukipungua, kimiminika huwahi kuwa mvuke. Ndivyo lilivyo tone.

3. Tufanye nini?
Mama, usiogope. Kipimo cha kawaida cha mimba hakina sindano, mapovu wala matone. Hupakwa jeli tumboni tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki 24. Huonyesha umri wa mimba, mapacha, na baadaye kondo la nyuma lililoziba njia.

Baba, weka akiba ya nauli mapema. Kliniki ya kila mara isiachwe, na mama akitokwa damu apelekwe hospitali mara moja.

Uhai ni zawadi ya Mungu. Tuutunze tangu tumboni.