Lugha, Lawama na Ndoa: Malezi ya Mtoto Mwenye Ulemavu Meru na Embu

Makala haya yanachunguza athari za malezi ya mtoto mwenye ulemavu kwa ndoa katika kaunti za Meru na Embu, mashariki mwa Mlima Kenya. Hoja yetu ni kwamba kinachoidhoofisha ndoa si ulemavu wenyewe, bali lawama na mgawanyo usio sawa wa kazi ya malezi.

Tuanze na lugha. Katika sentensi "Mke wake amezaa kilema", mtenda ni mama peke yake. Nomino "kilema" nayo, ingawa hupatanishwa kama mtu, ina kiambishi ki- cha vitu. Hivyo mama hubebeshwa hatia, ilhali chanzo huweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au homa ya uti wa mgongo.

Lawama zikishaingia nyumbani, baba huweza kujitenga. Mama humbeba mtoto mgongoni hadi kliniki, huku majani ya chai yakimsubiri shambani. Mtoto huongezeka uzito, mbebaji haongezeki.

Katiba ya Kenya ya 2010 ina jibu. Kifungu cha 53 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi, wawe wameoana au la. Kifungu cha 54 kinataka mwenye ulemavu arejelewe kwa lugha isiyomdunisha.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Basi wazazi na waseme: "Tumejaliwa mtoto." Kiambishi tu- kinawajumuisha wote wawili, kazi nayo iwajumuishe.