Kabla hujanunua mashine ya kukatia karatasi, soma hii

Leo naongea na wale mnaojikatia wenyewe kadi za asante, lebo na tagi za nguo.

Mashine yangu ya kwanza niliichagua kwa picha tu. Imeandikwa inakata karatasi 12, nikasema hii hii. Ikaja oda ya kadi 200. Nikaweka kadi 12 pamoja, nikakata. Za juu zimenyooka, za chini zimeenda upande. Mteja akazikataa, nikachapisha upya kwa hela yangu. Kumbe mashine haikuwa na kosa, mimi ndo sikujua kuisoma.

1. Ile namba kwa kawaida ni ya karatasi ya gramu 80, ile ya rimu. Kadi ngumu inafika gramu 300. Piga hesabu: 12 × 80 = 960. Gawa kwa 300, unapata 3. Basi kata kadi 3 kwa mara moja, siyo 12.

2. Angalia inavyobana. Kisu kikishuka kinasukuma karatasi. Zisipobanwa vizuri zinateleza, vipimo vinapishana.

3. Chagua kulingana na kazi yako:
– Ya kisu cha mviringo kinachoteleza kwenye reli: karatasi chache, mkato msafi.
– Ya kisu kirefu cha kushusha kwa mkono: inaenda haraka, ila kisu kiko wazi. Chunga vidole, na watoto wasiifikie.
– Ya kukata bunda, yenye mpini mkubwa na kibanio cha kukaza: kwa mwenye mamia ya kadi kila siku. Kama oda bado za kuhesabu, usianze nayo.

4. Pima urefu wa kukata. A4 ni milimita 210 kwa 297, kwa hiyo upite 297. Kadi za milimita 90 kwa 55 zinatoka 10 kwa A4 moja.

5. Uliza kisu cha akiba kinapatikana wapi na bei gani. Kisu kikiwa butu kinachana kingo.

Ukienda dukani beba kadi zako mwenyewe. Kata, chukua ya juu na ya chini, zilinganishe. Zikipishana, punguza idadi ujaribu tena. Bado zinapishana? Iache hapo hapo, hela yako ina kazi nyingine.

Wewe unatumia ya aina gani? Tuambie hapo chini, kuna mwenzako anataka kununua wiki hii.