Uzamili wa Sayansi ya Neva: Anza na Swali, Chuo Kitafuata

Wengi wanaotaka kusoma uzamili wa sayansi ya neva huanza kwa kupanga vyuo kwa majina: Oxford juu, Cape Town chini yake, kisha popote patakapokubali. Mimi ningeugeuza mpangilio huo. Andika kwanza swali moja kuhusu ubongo ambalo ungependa kulijibu, liwe dogo kiasi cha kuenea katika tasnifu, halafu watafute watu wanaolifanyia kazi. Chuo kitajitokeza chenyewe, maana watu hao wameajiriwa mahali.

Jina la fani hii linafunika kazi zisizofanana hata kidogo. Yupo anayepima umeme wa seli moja ya panya kwa ncha ya kioo, yupo anayepiga picha za ubongo wa binadamu kwa mashine ya MRI, yupo anayeandika programu za kuiga mtandao wa neva, na yupo anayezunguka vijijini na dodoso akitafuta wagonjwa wa kifafa. Bingwa wa kazi ya kwanza anaweza kuwa mgeni kabisa katika ile ya nne. Ukiandika kwenye maombi kwamba ubongo umekuvutia tangu utotoni, umesema kile alichosema kila mwombaji, na anayesoma hajui akupeleke maabara gani.

Maswali yenyewe si ya kuagiza kutoka nje. Kilifi, Kenya, watafiti wamewafuatilia kwa miaka mingi watoto waliopona malaria ya ubongo. Baadhi yao hubaki na kifafa, au hukwama katika lugha na kumbukumbu. Mahenge, mkoani Morogoro, kifafa kimekuwa kingi kupita kawaida tangu enzi ambazo daktari Louise Jilek-Aall aliwahudumia wagonjwa huko miaka ya 1960, na siku hizi kinahusishwa na usubi, maradhi yanayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Minyoo ya usubi inauathirije ubongo, ilhali haijathibitika kwamba huingia humo? Kuna pia konzo, kupooza miguu kwa ghafla kwa mtu aliyeishi kwa kula muhogo mchungu usioondolewa sumu vya kutosha. Tarime, Tanzania, ilipatwa nayo mwaka 1985, na Kahemba huko Kongo imeteseka nayo miaka mingi. Ndugu wawili wamekula chungu kimoja. Mbona mmoja apooze na mwingine asalimike? Swali la namna hiyo lina mashiko Nairobi na lina mashiko Göttingen.

Si lazima uchague ugonjwa wa nyumbani. Anayependa hesabu anaweza kuuliza jinsi seli chache zinavyotunza kumbukumbu ya mahali, na hakuna atakayemlaumu. Ila swali liwepo.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, hasa kwa wazazi wanaolipa ada: uzamili huu haukufanyi daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Ubingwa huo ni njia ya tiba, unapitia udaktari kwanza na kisha mafunzo ya hospitalini. Sayansi ya neva ni njia ya utafiti, na inawapokea wahitimu wa biolojia, saikolojia, fizikia, uhandisi na kompyuta sawa na madaktari.

Sasa vyuo. Vinatofautiana zaidi kwa muundo kuliko kwa sifa. Uingereza uzamili kwa kawaida humalizika ndani ya mwaka mmoja. Oxford, kwa mfano, mwanafunzi hufanya miradi miwili katika maabara mbili tofauti, jambo zuri kwa mtu ambaye bado anachagua. Afrika Kusini utakuta uzamili wa tasnifu tupu, usio na vipindi vya darasani, na huko bila msimamizi aliyekukubali maombi hayaendi popote. Chuo Kikuu cha Cape Town kina taasisi yake ya sayansi ya neva katika eneo la hospitali ya Groote Schuur, kwa hiyo watafiti na wagonjwa wako jirani. Göttingen, Ujerumani, programu inayoendeshwa pamoja na taasisi za utafiti za Max Planck hufundishwa kwa Kiingereza na huchukua wanafunzi wapatao 20 kwa mwaka. Baada ya mwaka wa kwanza wenye msuli, anayefaulu vizuri anaweza kuvuka moja kwa moja kwenye uzamivu.

Ujerumani ina sifa ya kutotoza ada, na sifa hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Göttingen iko jimbo la Saxony ya Chini, lisilowatoza ada ya masomo wanafunzi wa uzamili wa aina hii. Tübingen, penye sayansi ya neva ya kiwango kilekile, iko Baden-Württemberg, jimbo ambalo tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Juu ya hapo viza inataka uonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima; kiwango kilichowekwa 2024 kilikuwa euro 11,904 katika akaunti maalumu. Wengi hukwama kwenye akaunti hiyo, na barua ya chuo wanayo mkononi.

Marekani ni habari nyingine. Uzamili huko mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe, na ni ghali. Lakini programu nyingi za uzamivu wa sayansi ya neva hupokea mtu mwenye shahada ya kwanza tu, husamehe ada na kumpa posho ya kuishi. Kama lengo lako ni uzamivu na una uzoefu wa maabara, kukopa fedha kwa ajili ya uzamili wa Marekani ni kulipia mlango ambao upo wazi. Kwa Uingereza, ufadhili wa Chevening hulipia mwaka mzima; unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Kwa Ujerumani, DAAD, shirika linalotoa ufadhili wa masomo huko, lina ofisi Nairobi, nenda ukaulize.

Kazi kubwa kuliko zote ni barua ya kwanza kwa msimamizi, na hapa ndipo ningetumia muda. Profesa hupokea nyingi zinazofanana: "Mheshimiwa Profesa, nimevutiwa sana na utafiti wako uliotukuka." Hiyo hufutwa kabla hajafika mstari wa pili. Soma makala zake mbili za karibuni, na usiishie kwenye muhtasari. Soma sehemu ya mbinu, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha utakachokuwa ukifanya kila asubuhi. Kisha andika aya tatu fupi: wewe ni nani na unajua kufanya nini kwa mikono yako; jambo gani katika makala yake limekuachia swali; na kama ana nafasi mwaka ujao. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, halafu songa mbele. Akijibu, omba kuongea na mwanafunzi wake mmoja. Huyo atakuambia kama bosi anasoma rasimu au anazilalia.

Unaposubiri, ziba pengo lako. Uliyetoka biolojia, jifunze takwimu na Python. Siku hizi hakuna maabara isiyokuwa na data nyingi kuliko watu wa kuichambua. Masomo ya Neuromatch, shule ya mtandaoni iliyoanza 2020, yanapatikana bure kwa anayejisomea. Uliyetoka kompyuta au fizikia, soma kitabu cha Bear, Connors na Paradiso hadi uweze kueleza bila kigugumizi jinsi seli ya neva inavyopitisha ishara. Data halisi za picha za ubongo zimewekwa wazi kwenye hazina ya mtandaoni ya OpenNeuro. Chambua seti moja, weka kazi yako hadharani, na utakuwa na kitu cha kuonyesha hata kama chuo chako hakikuwa na maabara. Kila baada ya muda fulani IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, na SONA, chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kilichozaliwa Nairobi mwaka 1993, hutangaza kozi fupi zenye ufadhili. Zifuatilie.

Makaratasi nitayapitia haraka. Mhitimu wa Tanzania, usijigeuzie mwenyewe GPA ya 5.0 kuwa ya 4.0, ambatisha maelezo ya madaraja ya chuo chako na ukiachie chuo unachoomba hesabu. Barua za wadhamini ziombe miezi miwili kabla, kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama si profesa. Barua ya mkuu wa idara asiyekukumbuka haina uzito wowote.

Kama unakusudia kurudi, angalia pia mbinu utakayojifunza. Hadubini ya leza yenye gharama kubwa haitakufuata Dodoma. Mashine ya kupima umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa inawezekana, uchambuzi wa data unahitaji kompyuta na umeme, na nzi wa matunda hufugwa kwenye chupa. Shirika la TReND in Africa lilianza kuwafundisha watafiti chipukizi kwa kutumia nzi hao Ishaka, Uganda, mwaka 2011.

Na ikiwa data za tasnifu zitatoka nyumbani, kibali cha maadili cha chuo cha ng'ambo peke yake hakitoshi. Tanzania utahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mgeni utakayeshirikiana naye atahitaji cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na kamati ya maadili ya taasisi husika. Sampuli za damu zikivuka mpaka, kuna mkataba wake tofauti. Mambo haya huchukua miezi, na uzamili wa Uingereza una kumi na miwili tu, kwa hiyo rasimu ya ombi iwe tayari kabla hujapanda ndege.