Somo: Kwa Nini Faili Linashuka Polepole Wakati Intaneti Ina Kasi?

Tuseme kamati ya parokia imelipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde kwa ajili ya chumba cha kompyuta. Kurasa zinafunguka mara moja na video hazikatiki. Kisha kijana anayesimamia chumba anaanza kupakua Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake, ile inayotolewa na Kiwix, takriban gigabaiti 100, ili wanafunzi waisome hata siku ambazo kifurushi kimekwisha. Anatumia programu ya kugawana mafaili kwa njia ya BitTorrent. Kipimo kinaonyesha kilobaiti 200 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kazi itachukua karibu siku sita. Kamati inakaa, na pendekezo la kwanza mezani ni kuwaandikia wahisani waongeze fedha za kifurushi kikubwa zaidi.

Kabla barua hiyo haijaandikwa, tujifunze kidogo, kwa maana mara nyingi kinachobana hakiko kwenye kifurushi.

Tuanze na hesabu. Kampuni za intaneti huuza kasi kwa megabiti, lakini programu ya kupakulia huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, na gigabaiti 100 zitachukua saa 11 hata mambo yote yakienda sawa. Hapo hakuna aliyeibiwa. Lakini kilobaiti 200 ni chini ya sehemu ya kumi ya kile kilicholipiwa, na hilo linahitaji maelezo mengine.

BitTorrent ilibuniwa na Mmarekani Bram Cohen mwaka 2001. Faili halitoki kwenye kompyuta kuu moja. Linakatwa vipande vidogo vingi, na kila anayelipakua huwagawia wengine vipande alivyokwisha kupata. Ni kama harambee: anayepokea naye anatakiwa kutoa. Kwa hiyo kasi yako inategemea watu usiowajua. Ikiwa wenye faili zima ni wawili tu, nao wana intaneti dhaifu huko walipo, hata ukilipia megabiti 100 utapata kile wanachoweza kukurushia. Bomba pana halisaidii kisima kikiwa na maji kidogo. Idadi ya watu hao huonekana katika dirisha la programu, na ndicho kitu cha kwanza kuangalia.

Jambo la pili halijulikani sana, nalo ndilo linalowaumiza wengi. Katika mpango wa Cohen, kompyuta huwapa kwanza wale wanaoirudishia zaidi. Kila baada ya sekunde 10 hivi hupima nani anatoa vizuri, huwahudumia wachache hao, na kila sekunde 30 humjaribu mwingine mmoja kwa bahati nasibu ili mgeni asife njaa. Sasa, vifurushi vingi vina kasi kubwa ya kushusha na kasi ndogo ya kupandisha. Tangazo husema 20, lakini njia ya kwenda huenda ni 2. Mwenye kutoa kidogo huwekwa nyuma ya foleni.

Basi wengine huamua kutoa kwa nguvu zote, nao hujiumiza vilevile. Kila data inapofika, kompyuta hutuma ujumbe mfupi wa kusema “nimepokea”, na ujumbe huo hupita njia ileile nyembamba ya kupandisha. Njia ikijaa, jumbe huchelewa, na anayetuma hupunguza mwendo. Chumba kizima huanza kulalamika, hata aliyekuwa akisoma barua pepe tu. Dawa yake haina gharama: pimeni kasi ya kupandisha, kisha katika mipangilio ya programu wekeni kikomo cha asilimia 80 hivi ya kipimo hicho. Msiweke sifuri, maana mtarudi nyuma ya foleni.

Tatu ni mlango. Ili wengine waweze kukufikia, ruta yako lazima iruhusu maombi yanayotoka nje. Mlango ukiwa umefungwa bado utapakua, ila utaunganishwa tu na wale ambao milango yao iko wazi. Intaneti nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo fundi wenu hawezi kufungua chochote. Mtatambua kwa kuangalia anwani ya nje iliyoandikwa katika ruta. Ikianza na 10, au na tarakimu za kuanzia 100.64 hadi 100.127, ombeni kampuni iwape anwani yenu wenyewe. Huduma hiyo huweza kutozwa malipo ya ziada, nami naona ni haki kuyaombea fedha kuliko kuomba megabiti zisizotumika.

Wakati mwingine mtoa huduma mwenyewe ndiye anayebana. Mfano unaojulikana sana ni wa Comcast ya Marekani: mwaka 2007 ilibainika kuwa ilikuwa ikikata mawasiliano ya BitTorrent ya wateja wake kwa kutuma ishara za uongo. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliiamuru iache mwaka 2008, na mwaka 2010 mahakama ikabatilisha amri hiyo. Someni masharti ya mkataba wenu, hasa kifungu cha matumizi ya haki.

Wahisani huuliza kama programu hizi si za wizi. Programu ni chombo. Filamu isiyo na idhini ni wizi kwa njia yoyote ile. Debian, LibreOffice na mafaili ya Kiwix hugawiwa hivyo na wenyewe kwa hiari yao.

Jaribio la kumaliza ubishi huchukua nusu saa. Unganisheni kompyuta kwenye ruta kwa waya, kwani huenda kosa ni la ukuta unaozuia mawimbi. Pakueni faili la Debian moja kwa moja kutoka kwenye tovuti yake, kisha lilelile kwa BitTorrent. Yote mawili yakienda vizuri, tatizo ni uchache wa watu wenye faili lenu la kwanza. La moja kwa moja likikimbia na la BitTorrent likasuasua, angalieni kikomo, mlango na mkataba. Yote mawili yakiwa polepole, basi lalamikeni kwa kampuni, na hapo barua kwa wahisani inaweza kuwa na maana.

Na kama parokia jirani imekwisha kupata faili hilo, diski ya nje ndani ya basi itafika mapema zaidi. Ila iandaliwe kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu ule wa zamani wa FAT32 haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4.