SOMO: Lijue Jani Kabla ya Kupanda Mkoko



Vikundi vya Mishomoroni na jirani zetu tumepakana na hori ya Tudor, na kupanda mikoko ni kazi njema. Lakini mche ukitiwa mahali si pake, hufa, na jasho la wanachama lapotea bure. Twasema "mikoko" kwa yote, kumbe Kenya ina aina 9. Mlilana hupenda upande wa maji. Mkoko wenyewe hupenda tope laini linalofunikwa na maji kila siku. Mkandaa na kikandaa hukaa juu zaidi, kuelekea nchi kavu. Utaijuaje aina? Tazama tawi na jani.

1. Tafuta fundo. Fundo ni pale jani linaposhikana na tawi. Kati ya fundo na fundo ni pingili, kama ya muwa. Je, fundo moja lina majani mawili yanayoelekeana? Basi huenda ni mkoko, muia, mkandaa, mchu au mlilana. Je, ni jani moja moja, yakipishana? Huenda ni kikandaa au mkomafi. Hapo ndipo mkandaa na kikandaa huachana, ijapokuwa majina yakaribiana.

2. Jani moja au vijani vingi? Mkomafi una vijani kadhaa kwenye kikonyo kimoja. Usidhani ni kijitawi! Chungulia kwapani: chipukizi hutoka pale kikonyo kinaposhika tawi, si penye kila kijani.

3. Geuza jani. Chini ya jani la mchu ni rangi ya kijivu iliyopauka. Juu yake hebu ramba: ni chumvi, kwani jani lenyewe huitoa nje. Chini ya jani la mkoko kuna vidoa vyeusi vidogo vidogo.

4. Gusa ncha. Mkoko una ncha ngumu mfano wa sindano. Muia wafanana nao sana, lakini hauna sindano hiyo wala vidoa. Mkandaa ncha yake ni ya mviringo. Kikandaa kina jani nene lenye kipengo nchani.

Alama moja haitoshi, maana jani changa au lililoliwa na wadudu hudanganya. Kusanya alama mbili tatu, kisha hakikisha kwa mizizi: mkoko una mizizi ya kuning'inia kama miguu, mchu una mizizi iliyosimama topeni kama penseli.

ZOEZI LA KIKUNDI
Kabla ya kupanda tena, tembeeni ufukweni maji yakiwa yametoka. Kila mtu achukue jani moja la kila aina, ataje alama zake mbele ya wenzake, na aonyeshe mti ulisimama wapi. Andikeni daftarini. Kisha nendeni ofisi ya misitu mkaombe ruhusa na ushauri, ndipo mtafute mbegu.