Tengeni jioni moja ya mke na mume, hata mfuko ukiwa mtupu

Fundi mmoja wa hapa mjini Isiolo, mwenye umri wa miaka hamsini na kidogo, alikuja kwangu na kidonda mguuni kilichokataa kupona kwa wiki sita. Alikuwa amekipaka kila kitu alichoshauriwa na jirani, kuanzia mafuta ya taa hadi unga wa vidonge. Nilipompima sukari, kipimo kilisoma 17. Hakushtuka. Aliinamisha kichwa akaniambia kuwa alijua ana kisukari tangu mwaka uliotangulia, ila vidonge alikuwa akivimeza siku moja na kuviruka siku mbili, kwa sababu pesa zote zilikuwa zikiishia kwenye karo.

"Mama watoto anajua?" nikamwuliza.

"Hajui, daktari. Nitamwongezea mzigo wa nini?"

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao mimi mwenyewe niliusikia baadaye. Mkewe alikuwa amemwona akiamka mara tatu au nne kila usiku na kutoka nje. Tena ilikuwa miezi mingi hajamgusa. Basi mama huyo akakata shauri moyoni mwake kwamba kuna mwanamke anayepigiwa simu usiku. Kumbe ni sukari. Ikizidi mwilini humfanya mtu aende haja ndogo kila mara, na ikidumu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu hata nguvu za kiume zikapungua. Watu wawili, chumba kimoja na sebule, kila mmoja akiugua kivyake kimya kimya.

Nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike, lakini nyumba za namna hii ni nyingi, na huenda yako ni mojawapo.

Siri ya mgonjwa ni yake, nami nisingeweza kumwambia mkewe. Nilimwandikia dawa, nikamweleza jinsi ya kusafisha kidonda, kisha nikamwambia atenge jioni moja kila wiki akae na mkewe wakiwa wawili tu. Alicheka. "Daktari, hayo ni mambo ya watu wa Nairobi wenye magari. Pesa za kutembea nitatoa wapi?"

Swali lake ndilo somo letu la leo.

Haya yanamhusu daktari?

Yanamhusu sana. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, nchini Marekani, wataalamu waliwachukua mume na mke, jozi 42, wakawatia malengelenge madogo mkononi kwa chombo maalumu, kisha wakaangalia yanavyopona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Siku ambayo wawili hao walizungumza kwa kusaidiana, vidonda vilipona upesi zaidi kuliko siku waliyojadili jambo wanalogombania. Na wale waliokuwa na uhasama mwingi baina yao vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wenzao waliokuwa wapole. Ugomvi na wasiwasi wa kila siku hupandisha homoni za mfadhaiko, na homoni hizo huvuruga kazi ya askari wa mwili wanaotengeneza ngozi upya.

Homoni hizo hizo hupandisha shinikizo la damu na kuongeza sukari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Sisemi kuwa kikombe cha chai na mkeo kitakuponya presha. Vidonge vyako endelea kuvimeza. Nasema kwamba mtu aliye na wa kumwambia ana nafasi bora ya kumeza vidonge hivyo, na ya kujulikana mapema anapoanza kuugua.

Nami si mtakatifu katika jambo hili. Kuna wakati nilikuwa nikitoka zahanati saa mbili usiku, nikila huku nimesimama, kisha nikalala. Siku moja mke wangu aliniambia, "Nafikiri kesho nitakuja kupanga foleni na wagonjwa wako, labda nitakuona." Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka.

Pesa zinazohitajika

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa kutoka pamoja lazima iwe kuku, soda na hoteli yenye vitambaa mezani. Fanyeni hesabu hii: kila mmoja atie shilingi 10 kwa siku ndani ya mkebe. Hizo ni shilingi 20 kwa siku, 140 kwa wiki, na 560 kwa wiki nne. Jioni tatu za mwezi zitumieni bila pesa au kwa chai tu, na ya nne mle kilichomo mkebeni. Siku ambayo hakuna hata hiyo 10, mkebe ungoje. Msikope kwa ajili ya starehe, wala msiuze mbuzi.

Isiolo si mji wa bure kama wengi wanavyodhani. Jua likishakuchwa na joto kupungua, upepo huanza kuvuma na barabara za mitaa hupoa. Tembeeni nusu saa kutoka Bulla Pesa hadi mjini na kurudi, mkipita penye taa na watu, mkirejea kabla ya usiku kuwa mkubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki, na mwendo wa haraka kidogo unahesabiwa humo. Kwa hiyo matembezi hayo ni ya mapenzi na ya moyo kwa pamoja. Nimegundua pia kuwa watu wanaotembea bega kwa bega huambiana mambo ambayo wasingeambiana wakitazamana usoni mezani. Wanaume hasa.

Mlinzi wa usiku, muuguzi, askari na dereva wa masafa hawana jioni. Wao watumie alfajiri. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya huonekana wazi upande wa kusini na theluji yake, na wageni hulipa pesa nyingi kuutazama. Ninyi mnautazama bure mkiwa na chupa ya chai.

Najua wapo wanaoona haya. Katika jamii zetu nyingi za hapa, mume na mke kuonekana wakizurura pamoja si desturi, na watu watauliza kulikoni. Hakuna anayewalazimisha. Baada ya swala ya isha, watoto wakishalala, tandikeni mkeka uani, fukizeni ubani kidogo, mnywe chai mkitazama nyota. Huku kwetu nyota bado zinaonekana. Kuhusu watoto wadogo, patanane na jirani: wiki hii wake walale kwenu, wiki ijayo wenu walale kwake. Naye atashukuru kuliko mnavyofikiri.

Msifanye jambo moja kila wiki hadi likachosha. Mwaka 2000 Arthur Aron na wenzake, nchini Marekani, walichapisha majaribio ambamo mume na mke walifungwa pamoja kiganjani na kwenye kifundo cha mguu, wakaambiwa watambae juu ya magodoro wakibeba kitu bila kukiangusha. Ilichukua dakika 7 tu, na wakaeleza kuridhika zaidi na ndoa yao kuliko waliopewa kazi ya kawaida. Sikuambii utambae, majirani watamwita chifu. Lakini jambo jipya si lazima lilipiwe. Mji huu una Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na ndoa za mchanganyiko ni nyingi. Mmeru aliyeoa Mborana anaweza kujifunza maneno kumi ya lugha ya mkewe kwa jioni moja, na makosa yake yatawachekesha wote wawili. Chezeni drafti kwa vizibo vya soda. Pandeni tuktuk hadi mwisho wa njia, mrudi kwa miguu.

Mnachokula na kunywa

Soda ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vidogo. Mkiitaka, gaweni moja, na mwenye kisukari aiache kabisa. Chai ya maziwa ya ngamia ni bora, na Isiolo ni mji wa maziwa hayo. Kila siku huondoka hapa yakielekea Nairobi. Ila yachemsheni. Maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa bruselosisi, wenye homa zisizoisha, maumivu ya viungo, kuvimba korodani kwa wanaume, na hata mimba kuharibika. Nimekutana na watu waliotibiwa malaria mara tatu kumbe ni huo. Nyama choma nayo si adui, adui ni kile kilima cha chumvi kando ya sahani. Kipimo cha siku nzima kisizidi kijiko kimoja kidogo, na humo kuna chumvi ya mboga na ya mkate pia.

Na miraa je?

Hapa najua nitakosana na wengine. Miraa na muguka ni riziki ya majirani zetu wa Meru na ya akina mama wengi wanaoziuza hapa mjini, nami sitakebehi riziki ya mtu. Lakini kama daktari nitasema ninachokiona. Kichangamsho kilichomo, kathinoni, huharakisha mapigo ya moyo, hupandisha presha, huua hamu ya kula na hufukuza usingizi. Mume anakaa kijiweni tangu alasiri akizungumza na wenzake kwa furaha. Anafika nyumbani saa nne usiku, macho makavu, chakula hataki, maneno yamemwishia kijiweni. Mkewe anapata mabaki. Kisha nauliza pesa za kutoka na mkewe ziko wapi, naambiwa hakuna, ilhali bei ya furushi moja ingewanywesha chai wote wawili. Kama huwezi kuacha kwa sasa, basi siku hiyo moja ya wiki usiguse. Mjaribu mwezi mmoja muone.

Mtazungumza nini?

Jioni hiyo madeni yasitajwe, wala karo, wala mama mkwe. Najua mtasema basi hakuna la kuzungumza! Tengeni saa nyingine ya pesa, tuseme Jumapili mchana, na daftari na kalamu, ili pesa zisipate kisingizio cha kuvamia jioni yenu. Simu zibaki nyumbani. Ikibidi ibebwe moja ya dharura, izimwe sauti. Ulizaneni mambo madogo: nini kilikuchekesha wiki hii, mguu ule unaumaje, unalala vizuri?

Swali hilo la mwisho lina maana kuliko linavyoonekana. Mwenzako akikuambia ana kiu isiyoisha, anakojoa mara nyingi usiku, anachoka bila kazi, au ninyi wawili mmeona nguvu za kiume zimepungua, msilaumiane wala msikimbilie dawa za barabarani. Upungufu huo huweza kuwa dalili ya mapema ya kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Nendeni mpimwe wote wawili. Presha ikisoma 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, inahitaji kushughulikiwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7, vivyo hivyo. Wahudumu wa afya wa mitaani walianza kupewa mikoba yenye vipimo hivi mwaka 2023, kwa hiyo mwulizeni wa mtaa wenu.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Ikiwa mwenzako anakupiga, anakutisha au anakulazimisha, dawa si kikombe cha chai, na usikubali kwenda naye mahali pa faragha ili "mpatane". Piga simu 1195. Haina malipo, na inapokelewa usiku na mchana.

Tumrudie yule fundi. Kwa sababu ya kidonda nilimkataza kutembea, hivyo yeye na mkewe walikuwa wakikaa nyuma ya nyumba, mguu ameuegemeza juu ya mtungi uliopinduliwa. Jioni ya kwanza, aliniambia, walizungumza juu ya mvua. Ya pili, juu ya marehemu shangazi yake. Ya tatu akamwambia mkewe kuhusu kisukari, naye mama akanyamaza kwa muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa ukienda choo tu?"

Wiki iliyofuata walikuja wote wawili. Mama ndiye aliyebeba vidonge, ndani ya mkebe wa majani ya chai, na ndiye aliyejua ni vingapi vimebaki. Walikuwa wameongea na shule na kukubaliwa kulipa karo kidogo kidogo, jambo ambalo mzee peke yake hakuwa amethubutu kuliomba. Kidonda kilifunga baada ya miezi miwili na nusu, na sukari ilikuwa imeshuka hadi 8. Nilipomwuliza mzee kama ameacha sambusa, mkewe ndiye aliyejibu: anakula moja tu, siku ya mkebe.